Ngozi Nyeupe ya Feleji

Siku ya kwanza nilipoingia karakana nilikabidhiwa jiwe. Si nyundo, si tupa, si mashine. Jiwe la kunolea, dogo la kutosha kiganjani, na kibati cha mafuta, na bonge la chuma lenye rangi ya majivu. Fundi Mkuu wa wakati ule, mzee wa hapa hapa Msambweni mwenye kofia iliyolowa grisi, akaniambia, "Mwanakombo, sugua hapa mpaka uuone uso wako." Nikamwuliza nisugue mpaka saa ngapi. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Nimesema mpaka uuone uso wako. Mbona hamsikii, nyinyi?"

Nikasugua. Wallahi nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi, na uso wangu sikuuona. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa kusugua chuma kwa jiwe na sijui kwa nini. Mama akasema, "Si unalipwa? Basi sugua." Siku ya pili nikarudi, na miaka ikapita hivyo, na nyinyi vijana wa vyuo vya ufundi mnaponijia na simu zenu mezani mkitaka niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa, nataka mjue tangu mwanzo kwamba mengi niliyafanya bila kuyaelewa. Mengine siyaelewi hadi leo. Anayetaka bibi mwenye majibu yote, na akatafute kwingine.

Karakana yetu ilikuwa kando ya barabara kuu ya kutoka Ukunda kuja Msambweni. Tulitengeneza vyombo vya milango kwa ajili ya mahoteli ya Diani: bawaba, komeo, na vibao vya shaba vinavyowekwa nyuma ya vitasa. Chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida mara moja, kwa hivyo wenye mahoteli wanataka shaba, na wanataka iwe na mapambo. Mapambo hayo hayachongwi moja moja. Kuna kalibu, yaani bonge la feleji lenye umbo la ua au nyota lililochimbwa ndani yake. Bati la shaba linawekwa juu ya kalibu, mashine ya kugandamiza inashuka kwa kishindo, na bati linatoka na ua lake. Kalibu moja nzuri inapiga vibao mpaka unachoka kuviona.

Feleji ni chuma kilichochanganywa na madini mengine, kikachomwa na kuzimwa ghafla mpaka kikawa kigumu hata keekee haitoboi. Sasa hapo mtu mwenye akili atauliza: kama keekee haitoboi, hilo ua linachimbwa na nini? Nami niliuliza. Nikahamishiwa huko huko nilikouliza, kwenye mashine ya cheche, nikafanye kazi chini ya Bakari.

Bakari alikuwa mtu wa Shimoni, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini hata ukimkanyaga. Yeye ndiye aliyekuwa bwana wa mashine ile, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiwasha. Alinionyesha hivi. Unachonga ua lako kwanza kwa shaba nyekundu, ambayo ni laini. Unalizamisha bonge la feleji ndani ya tangi la mafuta yanayofanana na mafuta ya taa. Unalishusha ua la shaba mpaka lilikaribie feleji, lakini lisiguse. Nafasi inayobaki ni nyembamba kuliko unywele. Kisha unapitisha umeme. Cheche zinaruka kutoka shaba kwenda feleji, kila moja inayeyusha punje ndogo ya chuma, na mafuta yanaisomba. Polepole ua linazama ndani ya feleji.

"Kaka Bakari," nikamwambia, "yaani kinachokata hakigusi kinachokatwa?"

"Hakigusi."

"Sasa kinakataje?"

"Weye tazama geji, dada. Ukianza kuuliza maswali hayo, hutalala."

Umeme tuliuita moto. Moto mkubwa ulichimba haraka na kuacha uso wenye vishimo vishimo, mkavu, wa kijivu. Moto mdogo ulipitishwa mwisho, taratibu mno, ili kulainisha. Halafu kalibu ikatolewa kwenye mafuta na kupelekwa meza ya jiwe, ile niliyoanzia, isuguliwe mpaka ing'are. Mimi siku zote nilidhani kusugua ni urembo tu. Nilidhani wanaume wametafuta kazi ya kuwapa wanawake, basi. Nilisugua kwa kinyongo, lakini nilisugua, kwa sababu mzee yule alikuwa akija kujitazama ndani ya kalibu, na asipoona ndevu zake anakurudishia.

Mzee akastaafu, akaja Fundi Mkuu mwingine, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Mimi nikawa nimerudishwa kwenye meza ya jiwe, safari hii kama msimamizi wake. Na baada ya hapo akaja Meneja mpya. Huyu Meneja nisimseme vibaya, kwani alikuwa mtu wa adabu. Aliingia karakana na shikamoo zake kwa kila aliyemzidi umri, na Ijumaa aliswali safu moja na sisi. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kukaa na jambo asilolijua sababu. Lazima apate sababu, tena hapo hapo.

Ramadhani ya kwanza ya Meneja huyu ikatukuta na kazi kubwa, hoteli moja ikitaka vibao vya milango yake yote. Kama desturi yetu, mwezi ule tunatoka kazini mapema ili watu wawahi kupika futari. Masaa yakapungua. Kazi haikupungua hata punje. Meneja akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka mwezi huu ulipumzishe jiwe lako. Mteja ameona kibao kilichopigwa na kalibu isiyosuguliwa, amependa ule ukavu wake. Hataki mng'aro. Nyinyi zipanguseni mafuta tu, ziende."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu anakusuguza miaka na miaka, halafu anakuja kukwambia kumbe haikuwa lazima! Lakini bosi amesema, mteja amesema, mimi ni nani? Tukawa tunapangusa. Fundi Mkuu naye, ili kazi itoke kabla ya watu kuondoka, akamwagiza Bakari achimbe kwa moto mkubwa mwanzo hadi mwisho, ule moto mdogo wa kumalizia auache.

Mwezi haujafika kati, siku moja tukasikia mlio mkali kutoka kwa mashine ya kugandamiza. Aliyekuwa akiiendesha ni Mutua, Mkristo kutoka bara, kijana mzito wa mwili na mwepesi wa machozi. Akaja mbio kwangu amebeba kipande cha kalibu.

"Mama, mi sijafanya kitu. Imepasuka tu yenyewe!"

Nikaitazama. Ufa ulianzia ndani ya ua, ukashuka mpaka chini. Kalibu mpya kabisa! Fundi Mkuu akachukua tupa akaipitisha juu ya ule uso wa kijivu, na tupa ikateleza kama iko juu ya kigae. Akajaribu ubavuni, mahali ambapo cheche hazikufika, tupa ikashika kidogo. Kwa hivyo pale palipochomwa palikuwa pagumu zaidi kuliko feleji yenyewe, na hapo ndipo palipopasuka. Jamani, kitu kikizidi ugumu si kinazidi nguvu? Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Nikakaa na kile kipande mkononi, kichwa kinazunguka.

Basi kila mtu akawa na lake. Fundi Mkuu alisema feleji iliyoletwa safari hii ni mbovu. Wanawake wa mezani kwangu walisema kuna jicho, maana yule mteja aliisifia sana kazi yetu bila kusema mashallah. Mutua alisema ni joto. Meneja akasikiliza yote, kisha akatoa sababu yake, na aliitoa kwa huruma.

"Mimi nafunga kama nyinyi," akasema, "na najua. Ikifika mchana kichwa kinakuwa kizito, macho yanaona mbili mbili. Ile mashine inataka mtu aliye macho. Sikusudii kumlaumu mtu. Lakini ikipasuka nyingine, itabidi niandike amri: aliyefunga asiguse mashine ya cheche, mwaka huu wala miaka ijayo."

Mkumbuke karakana ile karibu wote tulikuwa Waislamu. Mashine ya cheche ndiyo ilikuwa kazi ya juu kuliko zote. Ndiyo njia ya kupandia. Amri ile ingekuwa na maana kwamba kila Ramadhani Bakari anang'olewa kwenye kiti chake, na wanaojifunza nyuma yake hawatakikalia abadani, isipokuwa wachague kati ya mashine na saumu zao. Nilimtazama Bakari. Alikuwa akiitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku.

Siku zilizofuata zilikuwa za mashaka. Bakari alifanya kazi macho kodo kwenye geji, hata hakujibu salamu. Nikasema moyoni, huyu kaka anajiua. Na kalibu ya pili, aliyoichoma kwa uangalifu kiasi hicho, ikapasuka vilevile. Mahali palepale. Ufa uleule.

Meneja akatuita sote mbele ya ofisi. Karatasi ya amri alikuwa nayo mkononi, kalamu imefunguliwa. Akasema inamuuma, lakini tumeona kwa macho yetu wenyewe. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Hapo ndipo Bakari akatoka safuni.

"Meneja, samahani. Usiandike."

"Kaka Bakari, nimekwisha sema si lawama kwako."

"Usiandike, kwa sababu hii ya pili niliichoma sikufunga."

Meneja akasema, "Hukufunga vipi?"

"Nilikuwa nakula. Tangu siku ile uliyotuonya. Nilikula mkate na maji nyuma ya mapipa ya mafuta, nikiwa na afya yangu, si mgonjwa, si msafiri. Nilikuwa nimeshiba na macho yangu yanaona vizuri. Na imepasuka."

Subhanallah! Mwanamume wa umri wake, mtu anayesimama safu ya mbele msikitini, anatamka mbele ya wanawake na vijana na Mkristo kwamba anakula mchana wa Ramadhani. Mmoja wa wasaidizi wangu alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilipandwa na hasira, halafu nikataka kulia, halafu nikataka kucheka, Mungu anisamehe. Sikujua nimfanye nini mtu yule, nimpige kofi au nimbusu mkono.

Meneja alisimama na kalamu yake. Akatazama karatasi, akamtazama Bakari, akatazama kalibu. Mwisho akasema, "Basi mimi sijui." Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akapiga simu Mombasa kumwomba Injinia wa kampuni aje.

Injinia alikuja na kisanduku chenye hadubini. Kabla ya yote akauliza swali moja: mwezi huu mmebadilisha nini? Tukatazamana. Fundi Mkuu akataja moto mkubwa. Mimi nikataja jiwe. Injinia akayaandika yote mawili. Akaagiza vikatwe vipande viwili, kimoja cha kalibu iliyopasuka na kimoja cha kalibu ya zamani iliyosuguliwa, vikatwe kwa gurudumu jembamba chini ya maji ili visipate joto. Akavilainisha, akavipangusa kwa tindikali iliyochanganywa na spiriti, akaviweka chini ya hadubini, akatuita mmoja mmoja.

Nilipofika zamu yangu niliona hivi. Chini kulikuwa kweusi, ile feleji iliyoumwa na tindikali. Juu yake, pale palipokuwa uso wa ua, kulikuwa na utando mweupe usioshika tindikali kabisa. Ngozi nyeupe. Na ndani ya ngozi ile nyufa ndogo ndogo, nyingine zimekomea mumo humo, nyingine zimeteremka mpaka kwenye weusi. Kipande cha zamani hakikuwa na ngozi. Kilikuwa cheusi mpaka ukingoni.

Injinia akaeleza. Cheche inapoyeyusha chuma, si chote kinachosombwa. Kingine kinabaki palepale, na kwa kuwa mafuta ni baridi, kinaganda papo hapo. Kinakunywa na makaa, yaani kaboni iliyomo ndani ya mafuta. Kinakuwa kigumu kupita kiasi, lakini kigumu cha kioo: kinasinyaa kikipoa, kinapasuka. Chini yake feleji nayo imeungua, imepoteza utulivu wake. Moto ukiwa mkubwa, ngozi inakuwa nene na nyufa ndefu. Moto mdogo unaipunguza, na jiwe linaimaliza. Ukiiacha, kila kishindo cha mashine kinausukuma ufa ndani zaidi, mpaka siku kalibu inaachana.

"Kwa hiyo siyo saumu," akasema Meneja.

"Saumu?" Injinia akashangaa. "Saumu inaingiaje hapa?"

Ile karatasi hatukuiona tena. Meneja, nisimnyime haki yake, alikwenda kwa mteja kuomba muda, moto mdogo ukarudi, na jiwe langu likarudi. Ule ukavu alioupenda mteja tukautengeneza kwa njia nyingine, kwa kuipuliza kalibu mchanga laini baada ya kuisugua. Watu walifurahi, wakapeana mikono. Lakini Bakari hawakumpa mkono. Hawakumtukana, la. Walimpisha njia tu, kama mtu anavyompisha mgonjwa.

Nilimfuata kwenye mashine yake. "Kaka Bakari, kwa nini?"

"Niliogopa, Mwanakombo. Meneja alipoyasema yale nikajiuliza, labda ni kweli. Labda ni njaa yangu inayovunja. Nikaona kama ni mimi, nitawakosesha kazi nyinyi wote. Nikala."

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia nini, dada? Kwamba nakula?" Akainama kwenye geji. "Na ule mkate haukupita kooni. Nilikuwa nausukuma kwa maji."

Nimestaafu sasa, niko kwangu Msambweni, na magoti yananisumbua kuliko chuma kilivyowahi kunisumbua. Vijana mnaniuliza kanuni. Haya, zishikeni: malizia kwa moto mdogo, sugua mpaka ngozi iishe, kisha irudishe kalibu kwenye tanuri kwa joto la chini ipate kutulia, na ukiwa na shaka ipanguse tindikali, kwani macho matupu hayaoni. Hayo nayajua. Lakini mkiniuliza inakuwaje moto ukipe chuma ugumu na uharibifu kwa cheche ile ile, nitawaambia nilielezwa, nikaitikia kwa kichwa, na sikuelewa. Na mkiniuliza Bakari alifanya dhambi au alifanya wema, hapo ndipo mnanichanganya zaidi. Nimemwuliza shehe, akanijibu vizuri na kwa vitabu: kosa ni kosa, atubu na azilipe siku zake. Nikatoka pale nimeridhika, nilipofika barabarani nikawa sijaridhika tena.

Ninachokijua kwa hakika ni hiki. Ramadhani ikaisha, mfunguo mosi ukaingia, na sikukuu ilipopita Bakari akaanza kuzilipa siku zake kimya kimya, peke yake, kwenye mashine ya cheche. Hakumwambia mtu. Lakini karakana ni ndogo. Mtu asiyekunywa maji na joto lile anaonekana. Asubuhi ya kwanza nilikwenda jikoni saa ya chai nikakuta jiko halijawashwa. Yule msaidizi wangu aliyejifunika mtandio alikuwa amekaa pembeni yake amekunja mikono. "Leo nimefunga sita," akaniambia, akimaanisha zile saumu za hiari za mwezi ule. Wa pili naye, sita. Fundi Mkuu, ambaye tangu nimjue hakuwahi kufunga sita maishani mwake, naye sita. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hata mimi." Hakuna aliyepanga. Hakuna aliyelitaja jina la Bakari.

Meneja akaja, akaona birika tupu. "Mmefunga sita wote?" Tukamwambia ndiyo. Akaitikia, akageuka kuondoka, halafu akamwona Mutua ameketi nasi, mandazi yake yamefungwa kwenye gazeti juu ya dirisha, hajayagusa, na midomo imemkauka.

"Na wewe, Mutua? Wewe una sita gani?"

Mutua akatazama kule kwenye mashine ya cheche, Bakari alikokuwa ameinama, kisha akatazama chini.

"Mi nimeshiba, bosi," akasema.